Kutoka Masanga hadi YouTube: jina la nani limeandikwa?

Jumamosi ya harusi, Bukavu ao Lubumbashi, inajulikana. Bwana harusi na bibi harusi wanaingia ukumbini, DJ anaweka rumba ya zamani ya Franco, wamama wanasimama na vitambaa mkononi, na mpiga picha anazunguka meza kwa meza na kamera yake. Jumatatu mpiga picha huyo ananunua mega, anangoja usiku ili mtandao uwe mwepesi, kisha anapandisha video kwenye YouTube. Hata familia haijaanza kutumiana linki, ujumbe umefika: ndani ya video hii kuna muziki wa mtu mwingine, na pesa za matangazo, kama zitakuwepo, zitamwendea mwenye muziki. Jina la huyo mwenye muziki ni la kampuni ya mbali ambayo mpiga picha hajawahi kuisikia.

Wengi hukasirika hapo. Wanauliza: wimbo ni wa Mkongo, ulipigwa Kinshasa, unachezwa kwenye harusi ya Wakongo; namna gani mtu wa Ulaya ao Marekani aje kuudai? Wengine wanaona ni wizi mtupu. Wengine wanafuta video na kunyamaza.

Swali ni la haki, lakini jibu lake halikuanza na intaneti. Lilianza zaidi ya miaka 70 iliyopita, wakati sauti za Kongo zilipoanza kuwekwa kwenye sahani na kuuzwa. Na tangu siku hizo hadi leo, jambo linaloamua nani alipwe limebaki moja: jina la nani limeandikwa kwenye karatasi.

Jadotville, 1952

Likasi ya leo iliitwa Jadotville wakati wa Wabelgiji. Ulikuwa mji wa madini, watu wametoka kila upande kutafuta kazi, na Kiswahili kilikuwa lugha ya kuwaunganisha. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini, alipita Katanga na vyombo vyake vya kurekodi. Huko Jadotville alimkuta kijana wa miaka 22 hivi anapiga gitaa kwa vidole viwili, kidole gumba na cha shahada, mpaka msikilizaji anadhani kuna magitaa mawili. Kijana huyo alikuwa Mwenda Jean Bosco, mwenye asili ya Bunkeya, kiti cha ufalme wa Wayeke. Kati ya nyimbo alizorekodi ulikuwemo Masanga.

Rekodi hizo zilitolewa na kampuni ya Gallo ya Johannesburg, kwa alama ya Gallotone. Sahani zikasambaa Kongo, zikafika Rhodesia, Kenya, Uganda na Tanganyika. Vijana wengi wa Afrika ya Mashariki walijifunza gitaa kwa kuisikiliza Masanga mara mia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Bosco mwenyewe alikwenda Nairobi akafanya kazi ya muziki huko, na mwaka wa 1969 alipiga gitaa kwenye tamasha la Newport, Marekani. Alikufa katika ajali ya gari Zambia mwaka wa 1990. Tracey naye aliunda mwaka wa 1954 maktaba kubwa ya muziki wa Afrika, inayojulikana kama ILAM, ambayo leo iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Sauti nyingi za Kongo zinalindwa huko.

Kwa hiyo siku ile moja ya Jadotville ilizaa vitu viwili tofauti. Cha kwanza ni wimbo wenyewe: sauti na maneno yaliyotoka kichwani mwa mtunzi. Cha pili ni rekodi: kazi ya mwenye mashine, iliyotiwa kwenye sahani na kuuzwa na kampuni. Sheria karibu za nchi zote zinatenganisha vitu hivi viwili. Mtunzi anaweza kuwa mtu mmoja, na mwenye rekodi mtu mwingine kabisa. Anayeelewa jambo hilo ameelewa nusu ya matatizo ya watu wa video leo. Mpiga gitaa wa Likasi akijirekodi mwenyewe leo anapiga wimbo wa mzee aliyekufa, hajagusa rekodi ya mtu, lakini amegusa utunzi. Na mpiga picha wa harusi aliyeacha sahani ya Franco isikike ndani ya video amegusa vyote viwili.

Wafanyabiashara wa Léopoldville

Upande wa Kinshasa, wakati huo Léopoldville, muziki uliingia biasharani kwa mikono ya wafanyabiashara, wengi wao Wagiriki. Nicolas Jéronimidis alifungua studio ya Ngoma mwaka wa 1948, na humo Wendo Kolosoy na mpiga gitaa Henri Bowane wakarekodi Marie-Louise. Zikafuata Opika, Loningisa na Esengo. Ni ndani ya studio hizo ambamo rumba ya Kongo ilikomaa. Bila hao wafanyabiashara, sauti nyingi zingepotea hewani.

Lakini hesabu ilikuwa ya upande mmoja. Mara nyingi mwanamuziki alilipwa mara moja kwa wimbo, akapewa makuta yake mkononi, pengine na gitaa ya kutumia, kisha sahani ikauzwa kwa miaka bila yeye kurudi dirishani. Wengi hawakusoma kontra waliyotia sahihi. Wengine hawakuwa na kontra yoyote.

Si kwamba sheria haikuwepo. Mwaka ule ule wa 1948, tarehe 21 Juni, Wabelgiji walitoa amri kuhusu haki za watunzi katika Kongo yao. Lakini sheria iliyoandikwa kwa Kifaransa ndani ya gazeti la serikali, na mpiga gitaa anayelipwa usiku kwenye studio ya mtaa, vilikuwa mbali sana. Haki ilikuwa ya yule anayejua kwamba ipo.

Wakongo wenyewe waliliona jambo hilo mapema. Mwaka wa 1960 Joseph Kabasele na African Jazz yake walikwenda Bruxelles wakati wa mkutano wa meza ya duara uliotayarisha uhuru, na huko wakatoa Indépendance Cha Cha. Kabasele aliporudi nyumbani hakutaka tena kuwa mtu wa kulipwa kwa wimbo. Alianzisha lebo yake mwenyewe, Surboum African Jazz. Baadaye Verckys Kiamuangana, aliyekuwa mpiga saksofoni wa OK Jazz, akafungua Vévé. Wakati wa zairianisation Franco alipewa kiwanda cha kutengeneza sahani, Mazadis. Hao wakubwa walijifunza somo moja: anayeshika karatasi na mashine ndiye anayeshika pesa. Bahati mbaya, wapigaji wadogo waliokuwa nyuma yao mara nyingi hawakuandikwa popote.

Shilingi kumi za Solomon Linda

Kampuni ile ile ya Gallo iliyotoa Masanga ilikuwa na wimbo mwingine ambao historia yake inafundisha kila mtu anayeishi kwa muziki. Mwaka wa 1939, huko Johannesburg, Solomon Linda, Mzulu aliyekuwa na kikundi cha Evening Birds, alirekodi Mbube, maana yake simba. Aliuachilia kwa kampuni kwa shilingi kumi.

Sahani ilivuka bahari. Katika mwanzo wa miaka ya 1950 kikundi cha The Weavers cha Marekani, alimokuwa Pete Seeger, kikauimba kwa jina la Wimoweh, na karatasi zikaandikwa jina la mtunzi wa bandia. Seeger alipojua habari za Linda alituma dola 1,000 na kuomba alipwe, lakini njia ya kawaida ya pesa haikumfikia. Mwaka wa 1961 The Tokens wakautoa tena kwa jina la The Lion Sleeps Tonight, ukafika namba moja Marekani. Linda alikufa mwaka wa 1962, maskini. Mwaka wa 1994 wimbo ukasikika duniani kote ndani ya filamu ya The Lion King ya Disney.

Mwaka wa 2000 mwandishi wa habari wa Afrika Kusini, Rian Malan, alitoa historia hii gazetini. Avoka wakachimbua sheria ya zamani ya Uingereza ya mwaka wa 1911, iliyotumika pia Afrika Kusini. Ilisema kwamba haki alizouza mtunzi zinarudi kwa warithi wake miaka 25 baada ya kifo chake. Kwa Linda, hiyo ni 1987. Kesi dhidi ya Disney ilifunguliwa mwaka wa 2004, na Februari 2006 pande zikapatana: watoto wa Linda wakapata malipo, na jina la baba yao likaandikwa kwamba yeye ni mtunzi.

Miaka 67 ilipita kutoka studio hadi mapatano. Sheria ile ilikuwa ya milki ya Waingereza; Kongo ilikuwa chini ya sheria za Wabelgiji, kwa hiyo familia ya hapa haiwezi kuibeba tu na kuitumia. Lakini somo linavuka mpaka: jina likikosewa mara ya kwanza, pesa hufuata kosa hilo kizazi kwa kizazi, na kulirekebisha kunahitaji avoka, karatasi na uvumilivu mwingi.

Soneca, sheria ya 1986, Socoda

Baada ya uhuru nchi ilitaka kuwa na nyumba yake ya kukusanya haki za watunzi. Mwaka wa 1969 serikali ya Mobutu iliunda Soneca, shirika la taifa la watunzi na wachapishaji. Kazi yake ilikuwa kuandikisha nyimbo, kukusanya pesa kutoka redio, baa, hoteli na kumbi, kisha kuzigawa. Kwenye karatasi mpango ulikuwa mzuri. Lakini hesabu haziendi bila watu wa kuhesabu. Kaseti zilipoingia, kila mtaa ukawa na mtu anayenakili muziki, na wanamuziki kwa miaka mingi walilalamika kwamba makuta hayawafikii.

Tarehe 5 Aprili 1986 ilitoka sheria namba 86-033 kuhusu haki za watunzi na haki za jirani zake, yaani haki za waimbaji, wapigaji na watayarishaji wa rekodi. Ndiyo sheria ambayo watu wa video wa Kongo wanaishi chini yake. Inamlinda mtunzi katika maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Inampa haki mbili: haki ya pesa, ambayo anaweza kuiuza ao kuirithisha, na haki ya heshima, yaani jina lake litajwe na kazi yake isiharibiwe.

Hesabu ya miaka 50 inafaa kufanywa, maana wengi hudhani wimbo ukizeeka unakuwa wa wote. Kabasele alikufa 1983. Nyimbo zake zinalindwa hadi 2033. Franco alikufa 1989; hadi 2039. Bosco, hadi 2040. Wendo aliishi hadi 2008. Wimbo alioupiga mwaka wa 1948 una ulinzi hadi 2058, zaidi ya miaka mia moja tangu urekodiwe. Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo katika urithi wa binadamu, na nchi nzima ilishangilia. Lakini urithi wa binadamu si ruhusa. UNESCO iliheshimu desturi ya rumba. Haikufuta jina la mtunzi hata mmoja.

Soneca ilipozama katika matatizo yake, mwaka wa 2011 ikaundwa Socoda, shirika jipya la kukusanya haki, na Verckys, mzee yule yule wa Vévé, akaja kuwa kiongozi wake. Wakati huo lakini pesa nyingi za muziki zilikuwa zimeshahama. Hazikuwa tena kwenye baa na redio tu. Zilikuwa zimeingia kwenye simu.

Daftari jipya

YouTube ilianza mwaka wa 2005. Katika miezi ya kwanza watu walipandisha chochote: filamu, konseri, klipu zilizorekodiwa kutoka televisheni. Google iliinunua mwaka wa 2006 kwa dola bilioni 1.65, na Machi 2007 kampuni ya Viacom ikaishitaki, ikidai dola bilioni moja. YouTube ilijikinga kwa sheria ya Marekani ya mwaka wa 1998, inayosema kwamba mwenye jukwaa hahukumiwi kwa kosa la mtumiaji ikiwa anaondoa haraka kitu kilicholalamikiwa. Kesi iliisha kwa mapatano mwaka wa 2014.

Katikati ya vita hiyo, Oktoba 2007, YouTube ilileta mashine inayoitwa Content ID. Inafanya kazi hivi. Mwenye muziki anapeleka rekodi yake. Mashine inaichukua alama, kama vile alama ya kidole. Kila video inayopandishwa inalinganishwa na alama hizo. Zikipatana, mwenye muziki amekwisha kuchagua mapema la kufanya: kuifunga video, kuiacha na kuchukua pesa za matangazo, ao kuiangalia tu watu wangapi wanaitazama. Ujumbe ule wa Jumatatu usiku haukuandikwa na mtu aliyetazama harusi. Uliandikwa na mashine.

Ukubwa wake unashangaza. Katika miezi sita ya kwanza ya mwaka wa 2021, YouTube yenyewe ilitangaza kwamba Content ID ilitoa madai zaidi ya milioni 722. Waliopinga hawakufika hata mmoja kwa mia. Lakini kati ya hao waliopinga, karibu 60 kwa mia walishinda. Namba hiyo ya mwisho inastahili kukumbukwa na kila mpiga picha anayefuta video kwa hofu.

Mashine hii si mwizi na si hakimu. Ni daftari. Haijui nani alikaa chini ya mwembe akatunga wimbo. Inajua tu nani aliyeuandikisha. Na si kila mtu anaruhusiwa kuandika moja kwa moja ndani yake: mlango umewekwa kwa kampuni zenye muziki mwingi na kwa wasambazaji. Mwanamuziki wa Goma anaingia kupitia msambazaji. Familia ya mzee aliyekufa, isiyo na kontra wala orodha ya nyimbo zake, haiingii kabisa. Basi nyimbo za zamani za Kongo zinaingizwa na kampuni zilizonunua lebo za zamani, mara nyingi huko Ulaya. Ndiyo maana jina la mbali linatokea kwenye video ya harusi ya Bukavu. Kampuni hiyo inaweza kuwa imenunua kihalali kabisa kile ambacho mfanyabiashara wa Léopoldville alichukua kwa makuta machache.

Daftari linaweza pia kudanganywa. Novemba 2021 waendesha mashitaka wa Marekani waliwashitaki watu wawili wa Arizona waliojiandikisha kuwa wenye nyimbo zaidi ya 50,000 za wanamuziki wa Amerika ya Kusini na Karibea. Hawakutunga hata moja. Tangu 2017 walikuwa wamechukua zaidi ya dola milioni 20 kupitia YouTube. Walikiri kosa na kupewa kifungo. Hawakuvunja mlango wowote. Walitafuta nyimbo ambazo hakuna aliyeziandikisha, wakaandika majina yao. Nchi yenye nyimbo nyingi zisizo na karatasi inapaswa kuisikia habari hiyo kwa makini.

Yanayosemwa mtaani, na yaliyo kweli

Kati ya watengeneza video kuna maneno yanayopitishwa kama sheria. La kwanza: ukitumia muziki kwa sekunde chini ya kumi, hakuna shida. Hakuna sheria kama hiyo, wala Kongo wala Marekani. Mashine inaweza kutambua kipande kifupi. La pili: ukiandika chini ya video kwamba muziki si wako, umesamehewa. Kumtaja mtunzi ni heshima nzuri, lakini si ruhusa. La tatu: nimenunua CD, basi muziki ni wangu. Aliyenunua CD amenunua haki ya kusikiliza. La nne: wimbo umo ndani ya TikTok, basi naweza kuutumia popote. TikTok imepatana na wenye muziki kwa matumizi ya ndani ya TikTok. Video ikihamishwa YouTube ao ikitumiwa kwa tangazo la duka, mapatano hayo hayaifuati.

Marekani kuna kanuni inayoruhusu matumizi fulani ya haki bila ruhusa. Mwaka wa 2007 mama mmoja wa Pennsylvania aliweka video ya sekunde 29 ya mtoto wake akicheza, na wimbo wa Prince ukisikika nyuma. Kampuni ya muziki iliiondoa. Mama akaenda mahakamani, na mwaka wa 2015 mahakama ya rufaa ikasema kwamba mwenye muziki lazima kwanza afikirie kama matumizi ni ya haki kabla ya kuagiza video iondolewe. Kesi iliisha mwaka wa 2018, miaka kumi na moja kwa sekunde 29. Kanuni hiyo ni ya Marekani. Sheria ya Kongo ina ruhusa chache tu zilizotajwa moja moja, na mpiga picha asijenge biashara yake juu ya sheria ya watu wengine.

Jambo lingine linalochanganya watu ni tofauti kati ya dai na onyo. Dai la Content ID kwa kawaida linahusu video moja: pesa zake zinaenda kwingine ao inafungwa, lakini chaneli inabaki salama. Onyo la hakimiliki ni jambo zito: mwenye muziki amepeleka ombi rasmi la kuiondoa video. Maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kufunga chaneli nzima, kazi ya miaka. Dai likiwa la uongo, linaweza kupingwa, na aliyedai ana siku 30 za kujibu; akinyamaza, dai linaanguka. Lakini kupinga bila sababu ni hatari, maana jambo linaweza kugeuka kuwa onyo.

Kuna pia mtego unaowanasa waimbaji vijana. Wanapakua biti kwenye intaneti, ya bure ao ya dola chache, wanaimba juu yake na kupeleka kwa msambazaji. Biti ile ile imeuzwa kwa watu mia. Wa kwanza kuiandikisha anaanza kuwadai wengine wote, hata yule aliyelipa kihalali. Kanuni za YouTube zinakataza kuandikisha biti iliyouzwa kwa wengi, lakini mashine haitambui jambo hilo yenyewe. Anayeweka risiti na kontra ya biti yake ndiye anayeweza kujitetea.

Kuandika mapema

Kutoka Jadotville hadi kwenye simu, hadithi hii ina pande mbili, na Wakongo wako pande zote mbili. Mpiga picha wa harusi anaona kampuni ya mbali inamnyang'anya. Mjukuu wa mpiga gitaa wa zamani anaona video elfu zinatumia wimbo wa babu bila yeye kupata hata franka. Wote wawili wanaumizwa na kitu kimoja: wakati wa kuandika, hakuna wa kwao aliyekuwa na kalamu.

Kwa mtengeneza video, njia iko. Arusi inaweza kurekodiwa kwa sauti yake ya kweli kwa ajili ya familia, na ile ya kuwekwa hadharani ikapewa muziki wenye ruhusa: maktaba ya bure ya YouTube, ama bora zaidi, mpiga gitaa wa mtaa anayelipwa na kutia sahihi karatasi ya mistari mitano inayosema nani ametunga, nani amerekodi, na video inaruhusiwa wapi. Karatasi hiyo haigharimu kitu, na ni zaidi ya ile ambayo wengi walipewa kwenye studio za 1950.

Kwa wanamuziki, kazi ni ile ile kwa upande wa pili. Kabla ya wimbo kutoka, waliotunga wapatane wazi nani ana sehemu gani, waandike majina kamili, si majina ya jukwaani tu, wauandikishe kwa shirika la haki, na wahakikishe rekodi imepata namba yake ya kimataifa ya ISRC kutoka kwa msambazaji. Na kwa familia za wazee, kazi ni ya haraka zaidi: kufungua masanduku, kutafuta kontra, sahani, barua na picha, na kuandika orodha ya nyimbo wakati wale wanaokumbuka wangali hai. Watoto wa Linda walishinda kwa sababu baba yao aliweza kuthibitishwa. Katika Likasi, Bukavu na Kisangani kuna nyimbo ambazo ushahidi wake pekee ni kichwa cha mama mmoja mzee. Akiondoka bila kuulizwa, mashine haitakuwa na jina la kuandika, na mwingine atajaza nafasi hiyo.